Zaburi za Siku Tatu: Kusali Wakati Maneno Yamekwisha



Leo nataka tuongee habari ya kusali zaburi wakati mambo yamekuwa magumu. Simaanishi ugumu wa kuishiwa nauli. Namaanisha ule unaomfanya mtu apige magoti halafu akute hana hata neno moja la kumwambia Mungu. Rozari iko mkononi, lakini midomo imekataa. Sisi wa Morogoro ugumu huo tunaujua, na tunajua hata tarehe yake.

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, karibu na kituo cha mabasi. Watu wakakusanyika. Kuna waliokwenda kuchota petroli iliyokuwa inamwagika, kuna waliokwenda kutazama, na kuna waliokuwa wanapita tu na hamsini zao. Moto ukalipuka. Waliofariki, pale pale na baadaye hospitalini, walizidi 100, wakiwamo waendesha bodaboda, vijana kama mimi na wewe. Taifa likatangaziwa siku tatu za maombolezo. Jumapili yake maziko yakafanyika Kola.

Tangu siku zile nimekuwa na swali: siku hizo Kanisa lilikuwa linasali nini? Maana Kanisa lina sala yake rasmi, Liturujia ya Vipindi, ambayo mapadre, watawa na walei wengi huisali kila siku, na msingi wake ni zaburi. Hakuna anayechagua zaburi kufuatana na habari za siku hiyo. Zimekwisha kupangwa. Basi nikafungua kitabu nikatazama. Nilichokikuta ndicho nataka tushirikishane.

Usiku wa Ijumaa: Zaburi ya 88

Kila Ijumaa, kabla ya kulala, Kanisa lote husali Zaburi ya 88. Kwa hiyo tarehe 9 Agosti, usiku wa kuamkia ajali, ndiyo iliyosaliwa.

Hebu ifungue leo. Ni zaburi ya ajabu. Zaburi nyingi za maombolezo huanza kwa kilio na kuishia kwa sifa. Hii haifiki huko. Anayesali anasema nafsi yake imejaa taabu, amehesabiwa pamoja na wanaoshuka kaburini, marafiki wamemkimbia. Anamwambia Mungu waziwazi kwamba ni yeye Mungu aliyemfikisha hapo. Kisha zaburi inakwisha, na neno lake la mwisho ni giza.

Kuna kijana wa jumuiya yetu, dereva wa bodaboda, ambaye alimzika rafiki yake Kola. Kwa miezi mingi alikuwa anakuja jumuiya anakaa nyuma kabisa, hasemi kitu. Ijumaa moja tuliposoma zaburi hii aliinua kichwa akaniuliza, “Dada, kwani hii nayo ni sala?” Nikamwambia ndiyo, imo kwenye Biblia. Akaomba tuisome tena.

Ndugu zangu, hapo ndipo tumaini la Kikristo linapoanzia. Angalia jambo moja: mtu wa Zaburi ya 88 hajaacha kuongea na Mungu. Mara tatu anataja kwamba anaomba: mchana na usiku, kila siku, asubuhi na mapema. Haoni mwanga, lakini bado anasema “wewe”. Angekuwa amekata tamaa kabisa, angenyamaza au angemsema Mungu pembeni, kama tunavyomsema mtu ambaye hatutegemei tena kumwona. Huyu anamsema Mungu usoni kwake. Kumlalamikia Mungu uso kwa uso ni imani.

Kuna jambo la pili. Zaburi hii haitoi sababu. Haisemi huyu anateseka kwa kuwa alikosa hivi au vile. Nalisema hili kwa sababu baada ya Msamvu maneno yalikuwa mengi. Tulisikia watu wakisema eti waliokufa walijitakia, eti tamaa ndiyo iliyowaua. Fikiria mama aliyetoka kumzika mwanawe anayasikia hayo kwenye daladala! Ni kweli, kuchota petroli inayomwagika ni hatari, na tunapaswa kufundishana hivyo bila kuchoka. Lakini Bwana wetu alipoulizwa habari ya watu waliouawa na Pilato, na yeye akakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, alikataa kabisa kusema kwamba walikuwa na dhambi kuliko wengine (Lk 13:1-5). Aliwageuzia waliomuuliza wito wa kutubu wao wenyewe. Mtu aliye kwenye msiba hahitaji hakimu. Anahitaji mtu wa kukaa naye gizani.

Na Yesu amekaa humo. Ijumaa ni siku tunayokumbuka kifo chake. Pale msalabani alisali kwa maneno ya zaburi: kilio cha aliyeachwa kutoka Zaburi ya 22, na kuikabidhi roho yake kwa Baba kutoka Zaburi ya 31. Mt. Augustino alifundisha kwamba tunaposali zaburi Kristo anatuombea kama kuhani wetu, anaomba ndani yetu kama kichwa chetu, na sisi tunamwomba kama Mungu wetu. Kwa hiyo hata giza la Zaburi ya 88 lina mtu ndani yake. Ukishuka humo, unamkuta amekutangulia.

Asubuhi ya Jumamosi: wimbo wa tanuru

Tarehe 10 Agosti ni sikukuu ya Mt. Laurenti, shemasi wa Roma aliyeuawa mwaka 258, ambaye mapokeo yanasema alikufa kwa moto. Na kwenye Masifu ya Asubuhi ya sikukuu kama hiyo huimbwa wimbo kutoka kitabu cha Danieli, wimbo wa vijana watatu wanaomsifu Mungu wakiwa ndani ya tanuru.

Nilipoligundua hili nilikaa kimya muda mrefu. Sitaki kulitumia kirahisi. Wale vijana watatu walitoka bila hata nywele kuungua, na wa kwetu hawakutoka. Lakini kumbuka walichomwambia mfalme kabla ya kutupwa: Mungu wetu anaweza kutuokoa, na hata asipotuokoa, hatutaiabudu sanamu yako (Dan 3:17-18). Hawakujua mwisho wake ungekuwa nini. Imani yao ilikuwa kamili kabla ya muujiza. Laurenti hakupata muujiza wa namna ile, na Kanisa linamweka meza moja na wao.

Usiku wa Jumamosi: Zaburi ya 4 na ya 134

Usiku ule Hospitali ya Mkoa ilikuwa imejaa majeruhi, na wengine walikuwa wamepelekwa Muhimbili. Sala ya kabla ya kulala ya Jumamosi ina zaburi mbili fupi. Ya 4 ni ya mtu ambaye wenzake wanauliza nani atatuonyesha mema, naye anaamua kulala kwa amani kwa kuwa Mungu peke yake ndiye anayemweka salama. Ya 134 ina mistari mitatu tu. Inawaita watumishi wa Bwana wanaosimama usiku nyumbani mwake wainue mikono na kumbariki.

Mimi siwezi tena kuisoma Zaburi ya 134 bila kuwafikiria wauguzi na madaktari wa zamu ya usiku ule, na ndugu waliokesha kwenye mabenchi nje ya wodi. Kuna wakati mtu hawezi kusali. Basi wapo wengine wanaosimama usiku kwa ajili yake, mmoja na sala, mwingine na bandeji. Ndiyo maana zaburi ni sala ya Kanisa zima. Ukiwa na furaha na zaburi ya leo ni ya kilio, usiiruke. Mkopeshe sauti yako anayelia. Siku yako ikifika, kuna mtu atakukopesha yake.

Usiku wa Jumapili: Zaburi ya 91

Jumapili jioni, watu wakiwa wametoka Kola na vumbi la makaburi bado lipo miguuni, Kanisa lilisali Zaburi ya 91. Hii mnaijua wote. Ndiyo ile ya kukaa chini ya ulinzi wa Aliye Juu, maelfu wanaanguka kando yako lakini wewe hupatikani na baya. Jamani! Usiku wa maziko?

Zaburi hii wengi wetu tumeigeuza hirizi. Tunaiweka kwenye stetasi, tunaacha Biblia imefunguka hapo chini ya mto, tukidhani ajali itatukwepa. Sasa sikia: shetani naye aliinukuu zaburi hiihii alipomjaribu Yesu ajirushe kutoka kinara cha hekalu (Mt 4:5-7). Alitaka aitumie kama bima. Yesu alikataa. Ukiisoma hadi mwisho utaona Mungu mwenyewe anaanza kuongea, na anaahidi kwamba atakuwa pamoja na mtu wake katika taabu (Zab 91:15). Katika taabu! Maana yake zaburi yenyewe inajua kwamba taabu itakuja. Ahadi yake kubwa ni kwamba hutakuwa peke yako ndani yake, na kwamba mwisho wake ni wokovu wa Mungu, ambao kwa sisi wabatizwa una jina: ufufuko.

Milima yetu na Zaburi ya 121

Anayekulia Morogoro hafunguki macho bila kuiona Uluguru. Lupanga iko pale juu ya mji, zaidi ya mita 2,100, na kusini zaidi Kimhandu inapita 2,600. Maji yetu yanatoka huko, na mto Ruvu unayapeleka hadi kwenye mabomba ya Dar es Salaam. Mboga za Mgeta zinatoka huko, kwenye matuta ya milimani. Na wazee wetu zamani walikwenda Kolelo, ndani ya milima hiyohiyo, kuomba mvua na rutuba.

Kwa hiyo swali la Zaburi ya 121 ni swali letu kabisa. Mtu anainua macho kwenye milima na kuuliza msaada wake utatoka wapi. Ni swali la kweli, kwa sababu mlima unaoleta maji ndio huohuo unaoshusha mafuriko na matope masika yakizidi. Jibu lake halitukani mlima, ila linapanda juu zaidi: msaada unatoka kwa aliyeiumba milima, ambaye hasinzii wala halali. Mlima ni ishara. Aliyeuweka ndiye tumaini.

Tuanzeje?

Mwaka 430, mji wa Hippo, Afrika ya Kaskazini, ukiwa umezingirwa na Wavandali, Augustino, mzee wa miaka 75, alikuwa kitandani akifa. Aliagiza zaburi chache za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele yake, akawa anazisoma na kulia. Mwandishi wa vitabu vingi vile, mwisho alirudi kwenye karatasi chache za zaburi. Basi na sisi tuanze kidogo:

1. Chagua zaburi moja ya usiku kwa wiki nzima. Isali kwa sauti, hata ya chini. Zaburi ziliandikwa kwa ajili ya koo, siyo kwa macho tu.
2. Usisafishe maneno. Zaburi ikilalamika, lalamika. Mungu ameyaruhusu yawe Neno lake.
3. Weka jina la mtu. “Leo Zaburi ya 130 ni kwa ajili ya fulani.” Ukikuta kitabu cha zamani kinaiita ya 129, usishtuke; hesabu ya Kiyunani na Kilatini ilipishana na ya Kiebrania.
4. Malizia na Atukuzwe Baba. Hapo ndipo kilio cha Mwisraeli kinapokuwa sala ya Mkristo.
5. Msisali peke yenu daima. VIWAWA, TYCS, jumuiya: Ijumaa moja kwa mwezi kaeni na Zaburi ya 88, na mtajeni kila marehemu wenu kwa jina.

Yule kijana wa bodaboda siku hizi ndiye anayetuongozea Ijumaa. Bado anaukumbuka moto ule, na bado anauliza maswali. Lakini anamuuliza Mungu mwenyewe.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyelia msalabani kwa maneno ya baba zako, wapokee ndugu zetu wa Msamvu na wote waliokufa kabla hatujajiandaa kuwaaga. Wafariji mama zao. Tufumbe midomo tunapotaka kuhukumu, utufumbue tunapotakiwa kusali. Na usiku ukiwa mrefu, ukae nasi mpaka alfajiri ya ufufuko. Amina.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie.

Tumsifu Yesu Kristo!