Jasho na Sadaka

Wapo waulizao: Ya nini mtu kujitesa juu ya baiskeli katika jua la Ugogo ili wagonjwa wa kansa wapate msaada? Si afadhali atoe fedha, akae kwake?

Swali hili si la mzaha. Jasho haliponyi uvimbe. Dawa hununuliwa kwa fedha. Tena safari ya namna hii yaweza kugeuka maonyesho, mkono wa kushoto ukajua yote yatendwayo na wa kulia.

Hata hivyo, tukumbuke. Msafara wa Twende Butiama hutoka Dar es Salaam kwa baiskeli kumkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa kansa ya damu. Yeye mwenyewe, mwaka 1967, alikwenda kwa miguu toka Butiama hadi Mwanza. Twadhani alijua ya kuwa watu husadiki neno lililolipiwa kwa mwili.

Fedha hutoka mfukoni zikasahauliwa; uchovu hukaa mifupani, ukatufundisha. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Dodoma wameteremka kilomita 450 hivi kwenda kutibiwa Ocean Road. Apandaye barabara hiyo kwa nguvu za miguu yake ataujua urefu wa safari yao.

Lakini ole wetu tukirudi na nishani, huku jirani amekosa nauli ya kwenda hospitali! Hapo tumecheza tu. Basi, aliyepanda baiskeli kwa ajili ya wagonjwa, akishashuka, aende akabishe hodi kwa mgonjwa.