Wimbo wa Nani Ndani ya Nyumba Yetu?



Wachumba wanapokuja kwetu makatekista kwa mafundisho ya ndoa, huwa tunawauliza mengi: kama wamekubaliana kwa hiari, kama mahari imezungumzwa, kama jamaa za pande zote mbili zina habari, na fedha za nyumba zitatunzwa na nani. Hakuna anayewauliza, "Je, mnapenda nyimbo gani?" Swali hilo huonekana la utoto. Lakini miaka michache baadaye, watu wale wale wanaporudi na malalamiko, utashangaa ni mara ngapi redio imo ndani ya kesi. Bwana asema bibi alizima redio yake mbele ya wageni. Bibi asema bwana huleta mwanamke wa wimbo nyumbani kila jioni. Wazee wa ukoo husikia hayo na kucheka, wakisema haya ni mambo madogo, nendeni nyumbani mkapike. Mimi sicheki.

Hebu tufikirie pole pole. Chakula nisichokipenda naweza kukiacha kwenye sahani. Picha nisiyoipenda naweza kuigeuzia mgongo. Sauti haikupi nafasi hiyo. Hapa kwetu Pap Onditi nyumba nyingi ni za mabati bila dari, na ukuta wa katikati haufiki juu. Redio ikilia mbele, inalia pia chumbani alikolala mgonjwa, na inalia mezani ambapo mtoto anafanya hesabu zake kwa taa ya sola. Kwa hiyo anayefungua muziki nyumbani anawachagulia wote, hata yule ambaye hakuulizwa. Hapo ndipo jambo la kupendeza nafsi linapogeuka kuwa jambo la haki.

Wala si jambo dogo kwa kuwa ni la kila siku. Tazama nyumba ya kawaida. Alfajiri baba anafungua redio kabla hajafungua mlango wa zizi. Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi nyumba nzima ilivyonyamaza matangazo ya vifo yalipoanza, wakati wa Sauti ya Kenya na hata baada ya kuitwa KBC mwaka 1989, kila mtu akingoja kama jina la mtu wake litatajwa. Baada ya hapo zilikuja salamu na nyimbo, na watu wakapumua. Mchana mama huchambua omena huku akiimba puani, na watoto wanajua kwa wimbo ule kama leo wanaweza kuomba pesa ya daftari au wangoje kesho. Jioni ni ngoma za kwaya, au benga, au nyimbo za Wakongo. Mtu aliyelelewa hivyo habebi nyimbo kichwani peke yake. Anabeba na moshi wa jikoni, na sauti ya mama, na mvua juu ya mabati. Basi ukimwambia, "Zima takataka hiyo," umetukana zaidi ya wimbo.

Sasa nije kwenye kesi iliyo ngumu, nayo ni ya kwetu sisi wa ufuo wa ziwa hasa.

Muziki wetu wa Kijaluo una desturi ya kutaja watu. Nyatiti, chombo chetu cha nyuzi 8, kilipigwa na mwanamume aliyeketi chini, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ubao, njuga mguuni. (Kwa desturi mwanamke hakuruhusiwa kukipiga, na wengi waliamini haitawezekana kamwe, mpaka akaja binti kutoka Japani, anayejulikana kwa jina la Anyango, akajifunza kwa wazee wetu wenyewe. Hayo tuyaache.) Mahali pa ngoma kuna pakruok: mtu hutoa pesa, muziki unasimama, naye anajisifu, au anamsifu shemeji yake, au anamsifu binti wa mahali fulani, kisha muziki unaendelea. Vijana waliposhika magitaa wakaiga mdonyoo wa nyatiti, ndiyo benga ikazaliwa, na ile desturi ya kutaja majina ikaingia nayo. Ndiyo sababu nyimbo nyingi za benga zimejaa majina ya watu halisi: wafanyabiashara, walimu, marafiki, na wanawake. D. O. Misiani wa Shirati Jazz, mzaliwa wa Shirati huko Tanzania, aliyefariki katika ajali ya barabarani mwaka 2006, alitaja watu wengi hata wenye vyeo. Okatch Biggy, aliyefariki mwaka 1997, ana wimbo unaojulikana sana uitwao "Helena Wang'e Dongo", yaani Helena mwenye macho makubwa.

Bwana mmoja anaupenda wimbo huo wa Helena. Bibi yake hana macho makubwa wala haitwi Helena. Je, ana haki ya kulalamika?

Mtakatifu Augustino aliwahi kuhangaika na swali la namna hii, ingawa hakuwa na Helena mawazoni. Katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake anasema kwamba kanisani wakati mwingine alijikuta akiguswa na sauti ya mwimbaji kuliko neno linaloimbwa, naye akaona huo ni udhaifu. Lakini hakutaka uimbaji ufutwe, kwa kuwa alikumbuka machozi ambayo nyimbo zilimtoa siku za mwanzo za wongofu wake. Sasa igeuze hoja hiyo upande wa pili. Ikiwa mtu mtakatifu, mbele ya maneno matakatifu, anaweza kupenda sauti na kuyapita maneno, basi mwalimu wa shule ya msingi pale Katito anaweza vile vile kupenda gitaa na kumpita Helena. Naamini wanaume wengi wako hivyo. Ukiwauliza Helena alikuwa mtu wa wapi, hawajui. Ukiwauliza gitaa la pili linaingia wapi, watakuonyesha kwa vidole.

Lakini si wote. Yuko mwingine ambaye wimbo kwake ni barua. Alicheza wimbo huo na msichana fulani kabla ya kuoa, na kila ukipigwa anaifungua barua ile na kuisoma upya mbele ya mkewe, ambaye hajui kusoma mwandiko huo. Kwa nje, bwana wa kwanza na bwana wa pili wanafanana kabisa: kiti kile kile, kikombe kile kile cha chai, kichwa kikitikisika vile vile. Hakuna jirani wala katekista awezaye kuwatenganisha. Mwenye wimbo peke yake ndiye anayejua. Ndiyo maana mimi naona mzigo wa kusema kweli ni wa yule anayependa wimbo, na mke asilazimishwe kuwa mpelelezi ndani ya nyumba yake. Mke naye akiisha kuambiwa kweli, asiifanye kuwa fimbo ya kuchapia kila siku.

Tena kuna barua nyingine ambazo si haki kuzichana. Mama mmoja, nitamwacha bila jina wala kijiji, alifiwa na mume wake. Akakaa miaka kadhaa, kisha akafunga ndoa kanisani na mwanamume mwema, ambaye aliwapokea watoto wa marehemu na kuwalipia karo. Marehemu alikuwa na wimbo wake wa benga, nao ulipigwa usiku wa matanga. Kila ukija kwenye redio, mama yule huacha alichoshika, husimama, hungoja mpaka uishe. Na benga, mnavyojua, haiishi haraka. Bwana wa pili alianza kwa kubadilisha stesheni. Baadaye akaificha memori kadi ya simu. Mwishowe akasema mbele ya wazee, "Mimi ninaishi na mfu."

Tusimcheke bwana huyu. Yeye ndiye aliyejenga nyumba ile, yeye ndiye anayeamka usiku mtoto akiwa na homa, na uchungu wake si wa uongo. Lakini tujiulize, anaomba nini hasa? Uaminifu wa mkewe anao. Kazi ya mikono yake anayo. Mapenzi pia anayo, kwa kadiri majirani tunavyoona. Anachoomba ni kwamba mkewe asiwe amewahi kuishi kabla yake, na hicho hakuna binadamu awezaye kumpa. Mtakatifu Paulo anawaambia Wakorintho kwamba mume akifa, mke yu huru kuolewa na amtakaye katika Bwana. Kifungo ndicho kilichokwisha. Hakusema kwamba kumbukumbu nayo izikwe.

Tena liko jambo lililonishangaza katika kesi hii. Kila Novemba, Kanisa linapowaombea marehemu, bwana huyu huyu ndiye aliyekuwa akiandika jina la marehemu kwenye karatasi ya nia za Misa, kwa mkono wake, bila wivu wowote. Sasa jina la marehemu kanisani na wimbo wa marehemu jikoni, tofauti yake ni nini? Nadhani ni hii: Novemba yeye alikuwa ndani ya jambo lile, aliandika, alitoa sadaka, alipiga magoti kando ya mkewe. Wimbo ulipolia aliachwa nje. Kilichomuuma zaidi kilikuwa ule mlango uliofungwa.

Wazee walimwuliza mama, "Ukisimama pale, unaona nini?" Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Akasema anaona barabara ya Ahero. Wimbo ule ulikuwa ukilia ndani ya matatu siku walipompeleka marehemu hospitali Kisumu, naye marehemu alikuwa akigonga mdundo kwa kidole juu ya goti lake, hana nguvu ya kusema. Basi. Hakukuwa na usiku wa mapenzi wala la kuonea wivu. Bwana alinyamaza kwa muda. Sitawadanganya kwamba sasa anaupenda wimbo ule. Ukilia, yeye hutoka nje kutazama ng'ombe. Lakini haubadilishi tena.

Nasema haya kwa sababu mara nyingi tunapochukia muziki wa mwenzetu, hatuchukii muziki. Mfalme Sauli alitulizwa na kinubi cha Daudi, na siku nyingine, kinubi kile kile kikilia, akamrushia mkuki. Nyuzi hazikuwa zimebadilika. Na binti yake Mikali, mke wa Daudi, tunamsikia katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 6, akichungulia dirishani na kumwona mumewe akicheza kwa nguvu zake zote mbele ya sanduku la Bwana. Akamdharau moyoni. Alipokutana naye akamsema kwa kejeli.

Wahubiri wengi humalizia hapo: Mikali alikuwa na kiburi. Mimi nawaomba mrudi nyuma sura tatu. Mikali alikuwa amechukuliwa kwa nguvu kutoka kwa mume mwingine, Paltieli, ambaye alimfuata njiani akilia mpaka aliporudishwa. Babaye na ndugu zake walikuwa wamekufa vitani. Halafu sikilizeni jibu la Daudi: anamkumbusha kwamba Mungu alimchagua yeye badala ya baba yake na nyumba yote ya baba yake. Mke alidharau ngoma ya mumewe, mume akagusa kaburi la baba wa mkewe. Hakuna aliyemwuliza mwenzake, "Ukicheza hivyo, una nini moyoni?" wala, "Ukitazama hivyo dirishani, una nini?" Maandiko yanamaliza kwa kusema Mikali hakuzaa mtoto mpaka siku ya kufa kwake. Mimi sijui nyumba nyingine katika Biblia iliyovunjika juu ya ngoma kwa uwazi namna hiyo.

Kuhusu wale wanaochoma kaseti za wenzao kwa jina la wokovu, nitasema kwa ufupi. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ulitaka muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima inayostahili. Najua hati ile inahusu ibada, sitaivuta mpaka kwenye vilabu vya pombe. Lakini mali ya mtu ni mali ya mtu, na anayechoma kwa siri anapaswa kuungama kama mwingine yeyote aliyeharibu cha mwenzake. Kwa upande mwingine, zipo beti za ohangla za usiku wa manane ambazo baba hawezi kuzipiga mbele ya binti zake na mama mkwe. Hapo sina hoja ndefu. Zima.

Siku hizi vijana wameleta dawa yao: kila mtu na simu yake, nyaya masikioni, kesi imekwisha. Ni kweli ugomvi umepungua. Lakini nimeingia nyumba moja jioni nikakuta watu wanne wameketi pamoja, wanne wakitikisa vichwa kwa midundo minne, na nilipobisha hodi hakuna aliyesikia. Amani ya namna hiyo hata wageni wa gesti wanayo. Afadhali wale wawili wanaogombania redio moja. Angalau wanajua mwenzao anapenda nini.

Kuna nyumba upande wa ziwani ambayo imepanga siku. Jumamosi jioni ni ya baba na benga yake, na mama hukaa naye angalau kwa nyimbo mbili kabla ya kwenda jikoni. Jumapili ni ya mama na kwaya, na baba, ambaye kwaya humletea usingizi, husinzia pale pale kitini asiondoke. Jumatano redio haifunguliwi ila kwa taarifa ya habari. Watoto nao wamedai Ijumaa. Kesi yao bado inasikilizwa.