Bwawa la Nyumbani Lipimwe kwa Mitungi

Rafiki yangu anayejenga nyumba si mbali na ufuo wa Dunga, Kisumu, aliniuliza kujaza bwawa la kuogelea kutamgharimu kiasi gani. Hesabu yenyewe si ngumu. Bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5 hubeba mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Zidisha 48 kwa bei ya kila mita ya ujazo iliyo kwenye bili ya maji, ongeza ada ya majitaka panapotozwa, umemaliza.

Lakini Kisumu ina kipimo kingine, nacho ndicho ninachokiamini zaidi: mtungi wa lita 20. Bwawa hilo ni mitungi 2,400. Kule Nyalenda, mwendo mfupi kutoka Dunga, mama hufika kwenye kioski cha maji, husuuza mtungi wake wa manjano, huujaza, hukunja leso kuwa kata na kujitwika. Akiuziwa mtungi kwa shilingi 5, maji ya bwawa moja yangemtoa shilingi 12,000. Mifereji ikikauka na mwenye mkokoteni akataka shilingi 20, zinakuwa 48,000. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, ingekaa na maji hayo siku 192. Hiyo ni miezi sita na zaidi.

Wapo watakaosema, ziwa si hili hapa? Ni kweli, Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Ila maji ya ziwa upande wetu, kwenye Ghuba ya Winam, yana tope, gugu maji na uchafu wa mji. Ndiyo maana pale pale Dunga pana mtambo wa kuyavuta, kuyatuliza tope, kuyachuja, kuyatia klorini na kuyasukuma hadi mitaani. Ziwa tumepewa bure. Maji safi yanataka kazi, umeme na pesa.

Tena kujaza hakuishi. Jua likinyonya milimita 5 kwa siku, bwawa hilo linapoteza lita 160, mitungi 8, hata kama hakuna aliyeogelea.

Sisemi mtu asifurahie jasho lake. Nasema alifunike bwawa lisipotumika, atunze chujio ili asilazimike kumwaga maji yote, na avune mvua: paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 hukusanya karibu lita 1,000.

Nasi tuliobaki tudai haki. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha, wala hakikuwataja wenye mita za maji pekee. Mji unaoweza kufikisha mitungi 2,400 ndani ya ua mmoja hauna sababu ya kushindwa kufikisha mfereji kwenye ploti za Nyalenda.