Kuhamisha taka si usafi, ni dhulma

Ndugu zangu Waislamu, tangu madrasa tumefundishwa kuwa usafi ni sehemu ya imani. Tunatawadha, tunafua, tunafagia nyumba na misikiti yetu. Hilo ni jema. Lakini lipo swali ambalo hatujiulizi: tukishafagia, taka zinakwenda wapi?

Katika Hadithi iliyomo ndani ya Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba imani ina matawi mengi, na lililo chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Tuzingatie hapo: kuondoa. Anayetoa mwiba mlangoni pake akautia mlangoni kwa jirani hajaondoa udhia, ameuhamisha. Na Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana.

Sasa tutazame mwenendo wetu. Kwa miaka mingi taka za Dar es Salaam zilimwagwa Tabata, kwenye makazi ya watu. Wakazi walipochoka na moshi, harufu na nzi, walikwenda Mahakama Kuu katika shauri la madai namba 299 la mwaka 1988, wakapewa haki yao. Jiji likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira akalikatalia. Je, taka zikaisha? La! Malori yakaelekea Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Kero ilibadilisha mtaa tu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019. Dodoma, jiji lililohesabiwa watu 765,179 katika sensa ya 2022, lilijengewa dampo la kisasa Chidaya. Hayo ni ya kushukuru. Lakini lori la jiji halifiki Busi.

Wengi wetu tunaoishi Dodoma na Dar es Salaam tuna wazee wetu Kondoa, Busi ikiwemo. Ikikaribia Iddi tunapakia zawadi kwenye basi: soda za chupa za plastiki, biskuti, nepi za watoto, betri za tochi. Baada ya siku tatu tunarudi mjini mikono mitupu, tukijiona tumefanya ihsani. Vilivyobaki anaachiwa nani? Ni bibi yako, asiye na dampo wala mzoa taka. Atachoma uani, moshi aupumue yeye na wajukuu, au atatupa korongoni.

Na Kondoa inajulikana kwa makorongo. Mmomonyoko wake ndio ulioleta mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Mvua ikinyesha, korongo halihifadhi kitu. Linasukuma vyote kwenye mito ya mchanga, ambako kiangazi watu huchimba maji ya kunywa na kutawadha. Mtume (s.a.w.) ametuonya tujihadhari na laana ya mwenye kwenda haja penye maji, njiani na kivulini. Je, anayeacha betri na nepi penye maji ya watu anajiona yu salama?

Mwenye kiwanda naye asidhani amesalimika kwa kuwa ukuta wake ni mrefu. Faida aichukue yeye, sumu waachiwe wanaokaa mtoni? Hiyo ni dhulma, hata akitoa sadaka kila Ijumaa.

Basi tufanye haya. Tukienda Busi, tupeleke mchele na sukari kwa gunia, si kwa vipakiti, na betri zilizokwisha turudi nazo. Mjini tulipe ada ya taka, kisha tumuulize mzoa taka na diwani zinamwagwa wapi. Uongozi ni amana na kuuliza ni haki yetu. Maimamu walisemee hili mimbarini.

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametutanabahisha katika Suratir-Ruum aya ya 41 kwamba uharibifu wa bara na bahari ni chumo la mikono ya watu, ili huenda wakarejea. Basi na turejee, kabla hatujasimamishwa mbele Yake pamoja na wale tuliowatupia taka zetu.

Wabillahi tawfiq.