Klachi Iliyopigwa Msasa

Skuta inayotetemeka inapoondoka, kisha ikatulia ikishashika mwendo, mara nyingi ina kasoro kwenye klachi. Klachi yake haina mkono wa kubana. Injini ikizunguka polepole, springi huvishikilia viatu vya klachi ndani. Resi ikipanda, viatu hutanuka na kukamata dramu ya chuma inayovizunguka, na tairi la nyuma huanza kwenda. Uso wa viatu ukiungua na kung'aa, au ukilowa oili ya sili iliyochoka, hushika na kuachia upesi upesi, na dereva huusikia mtikisiko huo mpaka kwenye kiti. Mkonze, kata ya Jiji la Dodoma ambako mvua haionekani kwa miezi mingi ya mwaka, vumbi nalo huchangia, kwa kuwa klachi ya namna hii hufanya kazi ikiwa kavu. Klachi ya bodaboda ni ya pleti, nayo hukaa ndani ya oili. Ufundi wake ni tofauti, lakini swali la maadili litakaloulizwa hapa ni lilelile.

Dawa ya haraka ni msasa. Kifuniko hufunguliwa, viatu na uso wa ndani wa dramu husuguliwa mpaka mng'ao uishe, vumbi hufutwa, vyombo hurudishwa, na skuta huondoka bila kutikisika. Ikiwa chanzo kilikuwa mng'ao peke yake, hayo ni matengenezo kamili. Ikiwa sili inavuja, springi zimelegea kwa viwango tofauti, au dramu imepoteza uduara wake kwa joto, mtetemo utarudi. Kwa mwenye chombo anayeendelea kukitumia, hiyo ni hesabu ya fedha na muda tu. Swali huanza chombo kinapouzwa: aliyepiga msasa leo ili auze kesho, ametengeneza au ameficha?

Wanafalsafa walilijadili jambo hili zamani. Cicero, akiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, aliweka pamoja hoja za Wastoa wawili. Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba kunyamaza si kuficha, na muuzaji hana wajibu wa kumweleza mnunuzi kila anachokijua. Antipater wa Tarso alisema mnunuzi ana haki ya kujua. Cicero alimuunga mkono Antipater. Katika karne ya 13, Tomaso wa Akwino aliligawa suala kwa namna inayomfaa zaidi mnunuzi wa skuta: kasoro inayoonekana, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima itangazwe, mradi bei ishuke kwa kadiri yake; lakini kasoro iliyofichika, yenye kuleta hasara au hatari, ni lazima isemwe.

Mgawanyo huo unaleta tokeo ambalo wengi hawalitegemei. Klachi inayotetemeka hujitangaza yenyewe: mnunuzi akiijaribu mita chache tu, anaisikia. Muuzaji angeweza kunyamaza kabisa na bado asimdanganye mtu. Msasa ndio unaoihamisha kasoro kutoka upande wa yanayoonekana hadi upande wa yaliyofichika. Kwa siku chache chombo kimekuwa bora, na kwa sababu hiyohiyo muuzaji amejitwisha wajibu wa kusema ambao jana hakuwa nao. Hoja ya Diogenes haimsaidii hapa, maana mkono wake umekwisha kusema, na umesema lisilo kweli.

Sheria ya Kiislamu inayo kesi inayokaribia sana hii. Mtume alikataza kuwaacha ngamia na kondoo bila kukamuliwa kabla ya kuuzwa ili viwele vijae. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo hupewa siku tatu za kuamua. Akimrudisha, hulipa pishi ya tende kwa maziwa aliyokamua. Hapa Dodoma, nchi ya Wagogo, wafugaji tangu jadi, hila hiyo haihitaji kufafanuliwa. Abu Hanifa hakuikubali haki hii ya kurudisha, kwa kuona inapingana na kiyasi, yaani ulinganisho wa kisheria. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea Tanzania, aliikubali. La kuangaliwa ni kwamba mwenye kondoo hajasema uongo wowote. Amechelewesha ukamuaji, basi.

Wapo wanaojikinga kwa kusema, "nakuuzia kama ilivyo". Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kwamba sharti hilo humwondolea muuzaji lawama kwa mnyama tu, tena kwa kasoro ya ndani asiyoijua, kwa kuwa maradhi ya kiumbe hai humpita hata mmiliki wake. Klachi haipati msamaha huo: aliyeifungua na kuisugua hawezi kudai kwamba hajui kilichomo. Sheria ya nchi ni legevu zaidi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humbana zaidi mfanyabiashara wa bidhaa hizo kuliko mtu binafsi anayeuza chombo chake, kwa hiyo mengi yanayoharamishwa na dini hupita mahakamani bila kuguswa.

Linabaki suala la fundi. Asiyejua kwamba skuta inauzwa hana hatia. Amefanya kazi aliyolipwa. Anayeambiwa "itulize tu mpaka apatikane mteja" hawezi kujificha nyuma ya ujira, kwa kuwa yeye ndiye anayeiona sili inayovuja na kujua kwamba viatu vitalowa tena. Si lazima aikatae kazi. Inatosha amweleze mwenye chombo chanzo chenyewe, ataje bei ya kukiondoa, na mteja akija kumuuliza, amjibu vilevile.