Elimu Hii ni Mali ya Nani? Neno kwa Wanetu Wanaomaliza Skuli

Msimu wa mahafali ukifika, sisi waumini wachache tunaoishi kusini mwa Pemba huwa na watoto wa kuwaaga. Wengine ni wa wazazi walioletwa huku na kazi ya serikali: walimu, wauguzi, askari. Wengine ni wa wafanyabiashara waliovuka kutoka bara. Wamekulia Chokocho na vijiji vya jirani katika wilaya ya Mkoani, wakasoma darasa moja na watoto wa wenyeji. Sasa wamemaliza kidato cha nne au cha sita. Tunawaombea, tunawapigia makofi, tunapiga nao picha. Lakini lipo swali ambalo tusipolijibu, maneno yetu yote ya kuwaaga yatabaki hewani. Elimu hii waliyoipata ni mali ya nani?

Kijana mwenyewe atasema ni yake. Yeye ndiye aliyeamka alfajiri na kukesha na daftari, na jina litakaloandikwa kwenye cheti ni lake. Mzazi atasema ni ya nyumba nzima, maana sare, madaftari na nauli vilitoka katika mfuko ambao haukuwa umejaa. Jamii nayo itasema ni yake, kwani skuli ni ya umma. Kila jibu lina ukweli ndani yake, na kila jibu likiachwa peke yake linaharibu mtu. Anayeamini elimu ni yake tu huwa mchoyo. Mzazi anayeamini elimu ya mwanawe ni mali yake humgeuza mtoto kuwa shamba. Na jamii inayodai kila kitu humnyima kijana nafasi ya kuitambua sauti ya Mungu inayomwita.

Basi tuanze kwa kuuliza nani aliyelipa.

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo Zanzibar. Tangu hapo maelfu ya watoto ambao wazazi wao wasingeweza kulipa ada walipata kuingia darasani. Hata hivyo kitu kinachotolewa bure kina mtu aliyekilipia. Katika miaka ile mapato ya nchi hii yalitegemea zaidi karafuu, na karafuu nyingi zilitoka hapa Pemba, hasa tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba. Kila anayeishi huku anaijua kazi ya karafuu. Mtu hupanda mti mrefu na kuchuma kwa mkono kabla ua halijafunguka. Jioni watu hukaa pamoja kuchambua, karafuu huku na makonyo kule. Kesho yake huanikwa juani, na wingu likitanda nyumba nzima hukimbia kuanua. Wengi wa waliofanya kazi hiyo hawakuwahi kukaa kwenye dawati. Hata hivyo mikono yao ndiyo iliyonunua chaki.

Tukirudi nyuma zaidi, jambo linazidi kuwa zito. Mashamba ya kwanza ya mikarafuu yalipandwa na kuhudumiwa na watumwa. Amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897, na hata hapo waliofidiwa ni mabwana, si waliofanya kazi. Mwaka huohuo Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki kutoka Uingereza walianza huduma Pemba, wakaweka makao yao Banani na kufanya kazi miongoni mwa watu waliotoka utumwani. Kwa hiyo kijana anayeshika cheti leo ameshika kitu chenye historia ndefu kuliko umri wake na wa babu yake. Ndani yake kuna jasho la watu ambao hata majina yao hayakuandikwa popote.

Hapo ndipo swali letu linapogeuka kuwa gumu. Ikiwa waliolipa wamekwisha kufa, deni hili litalipwa kwa nani?

Historia ya Kanisa katika pwani hii inatupa mfano. Cecil Majaliwa alikuwa mtoto wa Kiyao aliyechukuliwa utumwani na baadaye kukombolewa. Misheni ya UMCA ilimlea na kumsomesha Kiungani, Unguja. Angeweza kubaki mjini, mahali palipo na vitabu na watu wa kumheshimu. Mwaka 1886 alikwenda Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, kuhudumu kati ya Wayao wenzake. Mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza kuupokea katika misheni ile. Waliomsomesha hawakuhitaji arudishe kitu mikononi mwao. Alichopewa alikipeleka mbele, kwa watu ambao walikuwa bado hawajapewa.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa skuli na muumini kabla ya kuwa kiongozi wa taifa, alilieleza jambo hili kwa mfano wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji wanakusanya chakula chote walichobakiza na kumpa mtu mmoja, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wenzake msaada. Akila chakula kile, akafika alikokwenda, kisha asirudi na kitu, amewasaliti. Mfano huu unauma kwa sababu unamkumbusha aliyesoma kwamba alikula na wengine wakabaki na njaa ili yeye ale.

Lakini sisi tunaoamini neema lazima tuseme neno moja zaidi, maana mfano huo ukishikwa vibaya unaweza kumlemea kijana kama gunia. Zawadi inayodaiwa si zawadi tena. Mzazi anayemwambia mwanawe kila mwezi, “Nilikusomesha mimi,” amegeuza upendo kuwa mkopo, na mtoto naye atajifunza kukwepa simu kama anayemkwepa mdai. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba wasiwe na deni kwa mtu yeyote, ila deni moja tu, la kupendana. Deni hili ni la namna yake: halina tarehe ya mwisho, halina riba, na anayelilipa haoni amepungukiwa. Mungu hakutupa uhai ili tumrudishie uhai wake. Alitupa ili ututoke uende kwa jirani.

Hilo ndilo jibu letu. Elimu yenu, wanetu, si mali yenu, na si mali yetu. Ni amana. Na mwenye kuwekewa amana haulizi, “Nitaitumiaje nifaidi?” wala hakai akitetemeka kwa hofu ya mwenye mali. Huuliza, “Mwenyewe angependa ifanye kazi gani?”

Kutokana na jibu hilo tunataka kuwaambia mambo manne.

La kwanza ni kwa wale ambao matokeo hayatakuwa mazuri. Kidato cha nne hufanya mtihani Novemba, na matokeo yakitoka kila mtu hutafuta namba yake kwenye simu. Siku hiyo kuna nyumba hupigwa vigelegele na nyumba hufungwa milango. Ikiwa elimu ingekuwa mali ya mtu binafsi, aliyekosa daraja amefilisika. Lakini ikiwa ni amana, hata kidogo kilichomo ndani yako ni amana. Unajua kusoma, basi msomee bibi yako barua ya hospitali. Unajua hesabu, basi msaidie mvuvi anayeuza samaki asipunjwe. Unaweza kurudia mtihani, unaweza kujifunza ufundi, unaweza kubaki Chokocho ukawa mtu ambaye kijiji hakiwezi kumkosa. Bwana wetu alipotoa mfano wa talanta, aliyepewa mbili na aliyepewa tano walisifiwa kwa maneno yaleyale. Aliyelaumiwa ni yule aliyefukia alichopewa, na alikifukia kwa hofu.

La pili ni juu ya uaminifu kazini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, ikitoka Unguja kuja Pemba, ilizama karibu na Nungwi. Ilikuwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake, na mamia walipoteza maisha. Pemba nzima ililia. Hakuna aliyeuliza maiti huyu ni wa dini gani. Tunalitaja jambo hili kwa sababu meli haijijazi yenyewe. Mahali popote duniani chombo kinapong’oa nanga kikiwa kimezidiwa, kuna watu wenye elimu ambao kazi yao ilikuwa kuhesabu, kupima, kuandika na kukataa. Siku moja ninyi mtakaa kwenye viti kama hivyo. Atakuja mtu na bahasha, au na haraka, au na jina la mkubwa fulani. Hapo ndipo itakapojulikana kama mlisoma. Aliyepita mtihani wa hesabu kisha akakubali kuhesabu uongo amewaibia wote waliolipia skuli yake. Ni afadhali mkose kazi kwa kusema kweli kuliko mkae kazini huku watu wanazama.

La tatu ni juu ya majirani zetu. Mmekulia mahali ambapo Wakristo ni wachache sana na Waislamu ndio wenyeji. Mwalimu aliyewafundisha hesabu ni Mwislamu, na rafiki mliyekaa naye dawati moja pia. Mmejifunza, bila kuandikiwa, kwamba mchana wa Ramadhani mtu hali chakula barabarani mbele ya waliofunga, na kwamba sikukuu ya Idi sahani ya pilau inafika mlangoni kwenu. Tukifiwa, wao ndio wa kwanza kuja kukaa nasi. Mtakwenda Unguja, Dar es Salaam, Dodoma, wengine mbali zaidi, na huko mtasikia maneno mengi juu ya Wapemba na juu ya Waislamu, mengine kutoka kwa Wakristo wenzenu, pengine hata ndani ya makanisa. Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo haikusema jirani wa dini yako. Ninyi ni mashahidi mliokuwepo. Mkisikia uongo mkanyamaza ili mpendwe na wenzenu wapya, mtakuwa mmekula pilau ya watu na kuwauza. Semeni mliyoyaona, mema na magumu pia, bila kupunguza na bila kuongeza chumvi.

Hili halifichi imani yenu. Nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliokuwa uhamishoni Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, na wautakie mema mji ule na kuuombea, kwa kuwa katika amani ya mji huo wao nao wangepata amani. Hakuwaambia wamwache Mungu wao ili wapendwe, wala hakuwaambia wauchukie mji ili wawe watakatifu. Wazazi wenu wameishi hivyo Pemba. Ishini hivyo kila mtakapopelekwa.

La nne ni dogo kwa maneno, kubwa kwa uzito. Mkifika mjini, tafuteni kanisa wiki ya kwanza. Huku tulikuwa wachache kiasi kwamba asipoonekana mtu mmoja Jumapili, wote tunajua na jioni kuna anayekwenda kumwangalia. Mjini unaweza kukosa miezi sita na hakuna atakayeuliza. Uhuru huo utawafurahisha mwanzoni, na baadaye utawaacha baridi. Jitambulisheni, ombeni kazi ya kufanya, hata kufagia. Mtu anayefagia kanisa hupata watu wa kumtafuta anapoumwa.

Nasi wazazi na wazee tuna wajibu wetu. Tujihadhari tusiwafunge watoto kwa kamba ya shukrani. Ni haki mtoto kumsaidia mzazi, na Maandiko yanaliagiza jambo hilo waziwazi. Lakini tusimpangie idadi ya matofali kabla hajapata kazi, wala tusimpime kwa fedha anazotuma. Wapo watakaorudi Chokocho wakiwa walimu na madaktari, nasi tutafurahi. Wapo watakaotumwa na Mungu mahali pengine, na huko ndiko watakakolipa deni la upendo, kwa watu ambao hatutawaona kamwe. Cecil Majaliwa hakuwalipa Waingereza. Aliwalipa Wayao. Je, tutakuwa tayari mtoto wetu awe baraka kwa nyumba ya mtu mwingine? Tukikataa hilo, hatujamtoa kwa Bwana, tumemkodisha tu.

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 21, tunasoma jinsi waamini wa Tiro walivyomwaga Paulo. Walimsindikiza wote, pamoja na wake na watoto, mpaka nje ya mji. Walipofika pwani wakapiga magoti, wakaomba, wakaagana. Yeye akapanda chombo, nao wakarudi makwao. Hawakumshika nguo. Hawakumuuliza atarudi lini na nini. Walimpa kilichokuwa chao, yaani maombi na hatua za miguu yao hadi ukingo wa maji, kisha wakamwacha mikononi mwa Mungu.

Nasi tutawasindikiza hadi bandarini Mkoani. Nendeni, wanetu. Msiogope kuwa wadogo mnakokwenda, na msione aibu mnakotoka. Mkumbukeni mchumaji karafuu asiyejua kusoma aliyewanunulia chaki, na kwa ajili yake mtendeeni haki kila mnyonge atakayesimama mbele ya meza yenu. Mungu aliyewalinda mkiwa watoto awalinde baharini na nchi kavu, awape kazi ya mikono yenu, na awafanye kuwa zawadi kwa wengine kama mlivyokuwa zawadi kwetu. Amina.