Bezaleli Hakujinunulia Dhahabu

Wapendwa wa Lodwar, wapendwa wa Kakuma, fungueni Kutoka, sura ya 35. Watu wametoka utumwani, hawana shamba wala nyumba, wamepiga hema jangwani. Ni wakimbizi hao! Na katikati ya dhiki ile Mungu anamtaja fundi kwa jina: Bezaleli wa kabila la Yuda. Anamjaza Roho wake ili achonge, afume, atie nakshi kwa ajili ya Hema la Mungu. Anampa mwenzake, Oholiabu wa kabila la Dani, na wote wawili anawatia moyo wa kufundisha. Vifaa vilitoka wapi? Watu walivileta, kila asubuhi. Wanawake wakasokota singa za mbuzi.

Sisi je? Mama wa Lodwar huloweka miyaa ya mkoma, akanyoosha miguu chini ya mti, akatoboa, akapitisha, akavuta kwa meno, siku baada ya siku mpaka kikapu kifunge. Kisha tunasimama mbele yake tukibishana bei! Vijana wa edonga, ngoma ya Waturkana, tunawapanga juani tangu asubuhi kumpokea mgeni mkubwa. Akiondoka, tunawagawia soda na fulana. Tuache, ndugu zangu. Hiyo ni dhuluma.

Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan, haina upungufu wa vipaji. Shirika la FilmAid limefundisha vijana wa kambi hiyo kutengeneza filamu. Mwaka 2018 jukwaa la hotuba la TEDx liliwekwa humo kambini. Lakini cheti cha mafunzo hakiliwi. Anayetunga wimbo wa kuwakinga watoto na kipindupindu, anayeigiza mchezo wa kupatanisha wenyeji na wageni penye bomba la maji, naye ana tumbo, na mgao wa chakula umepunguzwa.

Mtaniambia kuna ukame, sanaa ingoje. Israeli waliishi kwa mana ya siku kwa siku, na Hema la Mungu likajengwa!

Kwa hiyo nawasihi, parokia, misikiti, serikali ya kaunti, wenye maduka: tuwafadhili wasanii chipukizi kwa mwaka mzima. Tuanze na wawili, mwenyeji mmoja na mkimbizi mmoja. Wapewe posho ya kila mwezi, chumba chenye umeme, na nauli ya kilomita 120 hivi kati ya miji hii, kila mmoja akafundishe kwa mwenzake. Nao wawajibike kwetu: wachukue wanafunzi, kazi yao ionekane sokoni, shuleni, zahanatini. Na uchaguzi wa 2027 usiwakute wakimsifu mgombea kwa fedha hizi.

Katika sura ya 36 mafundi wenyewe walimwendea Musa kusema kwamba vitu vimezidi, naye akawazuia watu wasilete tena. Nasi tutoe hivyo. Jumapili ijayo mwenye mbuzi alete mbuzi, mwenye duka alete unga, mwenye simu atume hata shilingi 50. Sanduku la wasanii liwekwe kando ya lile la maskini, nalo lihesabiwe hadharani.